Koti la Zamu

Wakati wewe msikilizaji wa Mpanda bado unavuta blanketi, kule Karema na Ikola mitumbwi ya dagaa inarudi mwaloni. Maji ya Ziwa Tanganyika si ya baridi kiasi hicho, juu huwa yanazidi nyuzi 20. Kinachotesa ni upepo wa kusi ukimkuta mtu amelowa: joto la mwili hutoroka, vidole hufa ganzi, na kidole kilichokufa ganzi hakishiki kamba.

Ndiyo maana koti la mvua ni la kuazimana. Anayevuta wavu alivae, anayeangalia taa ya kuvutia dagaa asubiri zamu yake. Sawa kabisa. Ila jaketi okozi, hapana! Chombo kikipinduka mnaanguka wote kwa pamoja, na ziwa hilo kina chake hufika mita 1,470. Hapo zamu ya nani?

Lakini mbalamwezi ikijaa, dagaa hawafuati taa, vyombo hupumzika, majaketi okozi yananing'inia ukutani. Siku hizo, mbona mama anayepanda boti kwenda sokoni asiazimwe moja? Alirudishe likiwa kavu, na mikanda yake yote.