Tangazo Kando ya Uso

Picha haisemi neno. Huo ndio uzuri wake, na ndiyo shida yake pale mwenye tovuti ya picha anapotaka tovuti hiyo ijilipie gharama.

Tangu Google ilipoanzisha AdSense mwaka 2003, hata mwenye tovuti ndogo ameweza kukodisha nafasi pembeni mwa ukurasa wake. Programu husoma ukurasa, hukisia unahusu nini, kisha huleta tangazo linaloendana na maneno yaliyopo. Ukurasa wa mapishi hupata tangazo la sufuria. Ukurasa wa safari, la hoteli. Haya ndiyo matangazo ya kimuktadha. Lakini ukurasa wa picha una maneno machache: kichwa, jina la mahali, labda tarehe. Programu ikikosa cha kusoma, huleta tangazo lisilohusiana na chochote, nalo halibofywi.

Hapo kishawishi huingia. Chukua picha ya mama anayeanika dagaa kwenye mchanga wa Ziwa Victoria. Neno “dagaa” halivuti watangazaji wengi; “ufukwe”, “likizo” na “utalii” huwavuta. Mwenye tovuti anaongeza maneno hayo matatu tu, na kando ya mama aliyeinamia kazi yake linatokea tangazo la hoteli yenye bwawa la kuogelea. Hakuna uongo wa wazi, kwani ufukwe upo. Ila mahali pa kazi pamegeuzwa mahali pa mapumziko, na mwenye kazi hana habari.

Mtetezi wa matangazo ana hoja nzuri. Magazeti tangu zamani yamechapa picha za vita karibu na matangazo ya sabuni. Matangazo ya kimuktadha yana staha kuliko yale yanayomfuata msomaji kutoka tovuti hadi tovuti, maana yanaangalia ukurasa, si mtu. Tena kuhifadhi maelfu ya picha kunahitaji fedha; bila kipato tovuti hufungwa na picha hupotea. Yote hayo nayakubali.

Anayesahaulika katika hoja hizo ni mtu aliyemo pichani. Kwa programu, muktadha ni maneno. Kwa picha, muktadha ni uhusiano: nani yumo, nani alishika kamera, na kwa nini. Mwaka 1984 Mohamed Amin, mpigapicha wa Kenya, alirekodi njaa ya Ethiopia huko Korem, na picha zake ziliwasukuma watu wa nchi nyingi kutoa michango. Weka mtandaoni picha ya namna ile, andika chini yake “njaa” na “chakula”, halafu fikiria tangazo la mgahawa au la dawa ya kupunguza uzito likijipanga kando. Programu haitakuwa imekosea kwa kipimo chake. Imelinganisha neno na neno. Hata programu inayotambua vitu pichani itaona mtoto na bakuli, haitaona aibu.

Gazetini kuna mhariri wa kuulizwa. Mwenye tovuti hujibu kwamba si yeye, ni programu. Jibu hilo silikubali, kwa sababu malipo yanapoingia hasemi ni ya programu. Anayepokea fedha za ujirani huo ndiye wa kuujibia.

Na uwezo anao. Anaweza kuzuia aina fulani za matangazo, na anaweza kuacha baadhi ya kurasa bila tangazo lolote. Kipimo changu ni hiki: je, ungeweza kumwonyesha mtu aliyemo pichani ukurasa mzima, pamoja na maelezo uliyoandika na tangazo lililo kando, ukamweleza bila kubabaika kwa nini viko pamoja? Kama huwezi, ondoa tangazo. Machweo ya Lamu na milima ya Usambara yanaweza kulipia gharama za ukurasa huo.