Upanga wa Serikali na Kikombe cha Dawa

Tunapoiombea Serikali juu ya dawa za kulevya, mara nyingi tunachanganya maombi mawili: iwakamate wauza unga, na iwaondoe mateja mitaani. La kwanza ni haki. Heroini hufika pwani yetu kwa majahazi kupitia Bahari ya Hindi, na anayeileta anajua anachokiuza. Katika Warumi 13 Mtume Paulo anaupa utawala upanga dhidi ya mtenda mabaya. Hatuoni aibu kuomba utumike hapo.

Lakini teja je? Huyu ni mtoto wa mtu, pengine mtoto tuliyemfundisha Kipaimara. Asubuhi anaamshwa na arosto: mifupa inauma, tumbo linakata, kamasi zinamtoka. Ukimtisha kwa jela ya kesho hakusikii, maana anateswa na leo. Ni kweli wengine hupora simu na kuuza kete ili wapate yao, na aliyeporwa anastahili haki yake. Wizi uhukumiwe kama wizi. Uraibu wenyewe ni ugonjwa.

Serikali yetu imeshaliona hilo. Tangu Februari 2011, Hospitali ya Taifa Muhimbili inatoa methadoni. Mraibu hufika kila siku, hunywa kikombe chake mbele ya mhudumu, arosto inatulia, anaweza kwenda kutafuta riziki. Dola ileile iliyotunga sheria kali ya mwaka 2015 ndiyo inayomnywesha dawa. Basi karandinga likipita maskani kuzoa kila aliyekonda, mkono mmoja unabomoa kazi ya mwingine: mateja hujificha, na anayejificha hafiki kliniki.

Wapo washarika wanaosema huko ni kutoa ulevi na kuweka ulevi. Hoja hiyo tusiibeze. Methadoni ni ya ukoo mmoja na heroini, na wengine huinywa kwa miaka. Ila hunywewa kwa kipimo, wala haihitaji sindano ya kuazimana inayoeneza Virusi vya UKIMWI.

Luther, akieleza amri ya tano katika Katekisimo Ndogo, haishii kwenye kutomdhuru jirani. Anatudai pia tumsaidie katika mahitaji ya mwili wake. Dawa ni bure, lakini kliniki ni ya kila siku, na daladala haipandwi bure. Wengi hukatisha tiba hapo. Katika bajeti za diakonia tumezoea kuona fungu la wajane, la yatima, la wagonjwa waliolazwa. La nauli ya teja bado hatujaliona.