Kodi, Kadi na Meza za Wabadili Fedha

Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika wa Waswahili hapa Minnesota, na kwa kuwa nilikuwa mhasibu kule Moshi kabla ya kuhamia huku, kuna swali ambalo mchungaji wetu hunisukumia mimi kila ifikapo Aprili: je, Mkristo akope ili amlipe Kaisari?

Kodi ya nyumba hapa hulipwa kwa mafungu mawili, tarehe 15 Mei na 15 Oktoba. Serikali za mitaa nyingi za Marekani zimeshakubali kadi ya mkopo. Nyingine bado zinabishana. Ubishi wenyewe ni juu ya makato, ile asilimia mbili na ushei inayochukuliwa na wanaopitisha malipo. Ailipe nani?

Shemeji yangu haoni tatizo. Hulipa kwa kadi, hujikusanyia pointi za ndege, na bili ya kadi ikija huimaliza yote. Fungu la dola 2,000 kwa makato ya asilimia 2.4 humla dola 48, naye huniambia, "Shem, hiyo ni nauli ya Desemba." Sawa. Ila yupo mama mmoja wa kwaya, mjane, anayefanya kazi za usiku kwenye makao ya wazee. Naye hutoa dola 48 zile zile, kwa sababu Mei 15 humkuta hana kitu benki. Kisha deni hubaki kwenye kadi, likila riba inayopita asilimia 20 kwa mwaka.

Nilipokaa naye kupiga hesabu, nilikutana na jambo la kuchekesha kwa uchungu. Kwa sheria ya Minnesota, anayeishi katika nyumba yake mwenyewe akipitisha Mei 15 lakini akalipa kabla ya mwezi kwisha, faini yake ni asilimia 2. Yaani mchelewaji hutoa kidogo kuliko mtiifu wa kadi! Mshahara wake huingia kabla ya Mei kuisha, basi nikamwambia, "Mama, chelewa." Akanitazama kana kwamba nimemtuma aibe sadaka. "Mzee, nilale na deni la serikali? Hapana."

Sikumlaumu. Paulo, katika Warumi 13, anaagiza mwenye kudai kodi alipwe kodi, na bila hata kuvuta pumzi anakataza kuwiwa na mtu yeyote kitu chochote isipokuwa upendo. Mama yule anatii mstari wa saba kwa kuuvunja wa nane. Deni halikufutika, limebadilisha mwenyewe tu.

Swali la makato ni la kale kuliko benki. Mishna, sheria za mapokeo ya Wayahudi zilizokusanywa yapata mwaka 200 baada ya Kristo, ina sehemu nzima juu ya nusu shekeli ya Hekalu. Tarehe 15 ya mwezi wa Adari meza za wabadili fedha ziliwekwa mikoani. Tarehe 25 zikawekwa Hekaluni, na kuanzia hapo asiyelipa alichukuliwa rehani. Juu ya nusu shekeli kulikuwa na nyongeza ndogo ya kubadilishia. (Fedha iliyotakiwa ilikuwa ya Tiro, iliyochorwa mungu wa kipagani, lakini madini yake yalikuwa safi. Hata Hekalu lilijua kufumba jicho.) Wanasheria wale wakaongeza neno ambalo sijalisikia katika kikao chochote cha bajeti: anayemlipia maskini, au jirani yake, au mtu wa mji wake, hadaiwi nyongeza, ila akiwa amewakopesha, inadaiwa.

Walitenganisha zawadi na mkopo. Mashine ya kadi haiwezi. Haiwezi kumjua shemeji wala mjane. Na serikali ikiamua kuyabeba makato yenyewe, bibi anayelipa kwa hundi ndiye atakayechangia nauli ya shemeji. Hapo nasimama na wanaosema mwenye kadi ajilipie, ingawa najua ni nani atakayeumia.

Maana uzito wa deni la nyumba unajulikana hapa. Geraldine Tyler wa kaunti ya Hennepin alidaiwa kodi ya dola 2,300 hivi, ikafika 15,000 kwa riba na faini. Nyumba yake ikauzwa dola 40,000 na kaunti ikabaki na zote. Mei 2023 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wote tisa, ilimpa haki akiwa na miaka 94, na Jaji Mkuu akamtaja Kaisari huyo huyo: apewe kilicho chake, asizidishiwe.

Ningepewa nafasi mbele ya halmashauri, ningeiacha kadi kando. Ningeomba kodi igawanywe kwa miezi 12, ilipwe moja kwa moja kutoka benki bila makato. Mama yule hutenga sadaka yake kila anapopokea mshahara. Hajawahi kuikosa, wala hakuna aliyewahi kumtoza kitu kwa kuileta kidogo kidogo.