Kosa la Nani?
Mwaka 2011 kasoro iliingia katika sudo, programu inayompa mtumiaji wa Linux mamlaka ya msimamizi mkuu kwa muda. Ilikaa humo karibu miaka kumi, katika msimbo ulio wazi kwa kila mwenye macho, hadi kampuni ya Qualys ilipoitangaza Januari 2021. Programu iliandika kupita mwisho wa nafasi iliyotengewa katika kumbukumbu ya kompyuta, na kwa upenyo huo mtumiaji wa kawaida angeweza kujitwalia mamlaka yote. Alaumiwe nani? Wepesi wa kuhukumu watasema aliyeandika mstari ule alizembea. Sikubali. Mwaka 2019 Microsoft ilieleza kwamba takribani asilimia 70 ya kasoro za usalama inazorekebisha kila mwaka ni za kumbukumbu, na Google ikakuta kiwango kama hicho katika Chromium, msimbo wa msingi wa kivinjari chake cha Chrome. Kosa linalowapata mafundi hodari mwaka baada ya mwaka, kwa kiwango kilekile, haliwezi kuitwa uzembe wa fulani. Linatoka kwenye chombo, yaani lugha za C na C++, zinazomwachia mwandishi mzigo wa kukumbuka kila mpaka. Lugha ya Rust, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2015, huilinda mipaka hiyo yenyewe, isipokuwa pale mwandishi anapotamka waziwazi kwamba anaukwepa ulinzi. Tangu hapo lawama imehamia kwa anayechagua lugha, kwa sababu anajua binadamu atakosea na anajua atakayeumia ni mwingine, asiyeulizwa.

Wapo wanaolalamika kwamba fundi aliyezuiwa kukosea hana tena sifa ya uangalifu. Sifa hiyo ni ghali mno ikiwa inalipiwa na wengine. Pingamizi zito ni jingine: msimbo mkongwe umebeba mafunzo ya miongo, na anayeuandika upya huyapoteza. Ubuntu 25.10, toleo la mfumo mmojawapo wa Linux, ilipotoka Oktoba 2025 na programu za msingi zilizoandikwa upya kwa Rust, amri ya date iliyoombwa tarehe ya faili ilitoa saa ya wakati ule, na baadhi ya mashine zikaacha kujitafutia masasisho, yakiwemo ya usalama. Rust haikuwa na la kufanya; kumbukumbu ilikuwa salama, fikra ndiyo iliyopungua. Lakini hoja hii inatufundisha tu kupanga foleni. Amri ya date haigawi mamlaka, na ile ya zamani ilifanya kazi yake vizuri, kwa hiyo kuiandika upya kungeweza kungoja. Sudo ya Rust, iliyokuja katika toleo hilohilo, tayari ilikuwa imechelewa.