Nimeacha, au Naacha?

Miaka kadhaa iliyopita niliandika makala kuhusu kijana wa mtaani kwetu Temeke aliyekuwa akitumia unga. Nilimkuta kanisani siku ya ushuhuda, suruali imepigwa pasi, shati la kuazima. Akashika kipaza sauti akasema: "Nimeacha. Bwana amenifungua." Kanisa likalipuka vigelegele. Mama yake alilia mpaka akashikwa mabega. Nami nikaenda kuandika, na picha yake ikatoka gazetini, kubwa tu.

Miezi minne baadaye akateleza. Kete moja, aliniambia, siku aliyogombana na ndugu yake kuhusu hela ya kodi. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mchungaji pale hamu ilipoanza kumbana. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Kaka, ningemwambiaje? Si nilishasema nimeacha? Na wewe ukaandika."

Tangu siku ile najiuliza: hivi tunapomsimamisha mtu madhabahuni, tunataka atupe ukweli au atupe mwisho mzuri? "Nimeacha" inafunga hesabu. Aliyeisema mbele ya watu mia tatu hana tena pa kupeleka "leo nina hamu", maana kuisema ni kama kumwaibisha Mungu aliyemfungua. Kwa hiyo ananyamaza, na anaenda kutumia peke yake, chooni, mlango umefungwa.

Na hapo ndipo hatari ilipo. Mwili uliokaa miezi bila heroini husahau kuihimili. Kipimo alichokizoea zamani kinaweza kumuua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa mateja methali hii si mafumbo.

Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza kwa miaka mingi namna watu wanavyorudia ulevi, alitenganisha vitu viwili ambavyo sisi tunavijua tangu utoto: kuteleza na kuanguka. Mtu aliyeapa kuacha kabisa akiteleza mara moja, alieleza, aibu ndiyo humsukuma mbali zaidi. Anajiambia, "Kumbe mimi ni yule yule, basi liwalo na liwe." Kete moja inakuwa kumi.

Nilipomweleza hivi mchungaji mmoja, alinijibu bila hasira: "Mwanangu, tukiwaambia kuteleza ni kawaida, tutakuwa tumewapa ruhusa." Ni hoja nzito, siidharau. Wapo watakaoitumia kama kisingizio. Lakini kuweka ndoo za mchanga kituo cha mafuta si kuwaalika watu wawashe moto. Mtu anaweza kuita dhambi dhambi, na bado akaacha namba ya simu inayopokelewa saa nane usiku.

Tena imani yenyewe imewahi kuliweza jambo hili. Waanzilishi wa Alcoholics Anonymous, waliokutana Akron, Ohio, mwaka 1935, wote wawili walikuwa wamepitia vuguvugu la Kikristo lililosisitiza kuungama. Katika mikutano yao, mtu mwenye miaka 20 bila kugusa tone bado husimama na kusema yeye ni mlevi. Anahesabu leo tu. Soba hausi za Zanzibar, katika jamii ya Kiislamu, nazo zimeshika hatua zile zile 12. Kumbe mtu anaweza kumtegemea Mungu bila kujifanya vita vimekwisha.

Kijana wetu yuko hai. Siku hizi anakunywa methadoni kila asubuhi, tiba iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011. Wapo waumini wanaosema amehamisha ulevi tu. Yeye bado anaimba kwaya, mstari wa nyuma.

Nilimwomba ruhusa ya kuandika tena. Akakubali, ila bila jina wala picha. "Halafu kaka, safari hii usiandike nimeacha. Andika naacha."