Hongo na Hongera

Hongera, kwa desturi ya lugha yetu, huja nyuma ya jambo. Mzazi hupewa hongera mtoto akishalia. Msafiri hupewa akishatua mzigo. Mwanafunzi hupewa matokeo yakishabandikwa ukutani. Mja mzito hatumpi hongera, twamwombea salama. Nahodha anayeng'oa nanga hatumpi hongera, twamtakia heri. Wazee waliotuachia mpaka huo baina ya dua na pongezi walijua kwamba bahari haijapata kumtii mtu kwa sababu alisifiwa bandarini.

Lakini yuko mtu mmoja ambaye kwa ajili yake mpaka huo huvukwa bila haya, naye ni rais aliyechaguliwa jana. Ni kweli ameshinda kura, na kwa hilo pongezi ni haki yake. Ila sifa zinazomiminwa juu yake haziishii kwenye kura. Zinaifikia haki ambayo bado hajaitenda, barabara ambayo bado hajaijenga, na rushwa ambayo bado hajaishinda. Waimbaji hukimbilia studio, wachapaji hutoa kanga, makampuni hununua kurasa nzima za magazeti, washairi nao hujaza safu zao beti za makaribisho. Swali la makala haya ni dogo: je, sifa hizo za mapema ni kitu gani hasa? Na aliyezitoa amejiweka katika hali gani?

Tuanze na mfano usiomdhuru mtu. Mwishoni mwa mwaka 2008, Barack Obama alipochaguliwa kuwa Rais wa Marekani, Kenya ilipumzika siku nzima kwa amri ya serikali, na madukani Tanzania ikaonekana kanga yenye sura yake katikati, yenye maneno ya kumpongeza na ya kumshukuru Mungu kwa upendo na amani. Mwanamke aliyejifunga kanga ile, awe wa Unguja au wa Tabora, hakuwa na kura ya kumpa Obama, wala hakuwa na zabuni ya kuomba kwake, wala cheo cha kutamani. Alifurahi tu kwamba mtoto wa baba wa Kijaluo amefika pale. Pongezi yake ilikuwa safi kwa kuwa haikuwa na malipo.

Tabora naitaja kwa makusudi, maana nguo na Marekani vilikwisha kukutana huko zamani. Katika karne ya 19 kitambaa kilichofumwa katika viwanda vya Marekani kilishushwa Unguja, kikavushwa Bagamoyo, kisha kikapanda bara mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, hadi Unyanyembe. Watu wa njia hiyo walikiita merikani. Safari haikuwa ya siku mbili: Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba. Merikani ilikuwa ujira wa mpagazi, posho ya njiani, na zaidi ya yote ilikuwa hongo.

Neno hilo limeharibika tangu siku hizo. Leo hongo ni rushwa, hutolewa gizani. Katika njia ya misafara ilikuwa ushuru wa kupita, uliotolewa mchana kweupe kwa mtemi mwenye nchi, ukabishaniwa pengine siku kadhaa, na ulipokwisha kulipwa njia ilifunguka. Hongo haikumsifu mtemi kwa lolote alilotenda. Ilimwomba asizuie. Wanaisimu na waamue kama hongo na hongera yana shina moja. Mshairi hutosheka kusikia kwamba yanaanza kwa sauti moja, na kwamba asiyekuwa mwangalifu huweza kutamka la kwanza akidhani ametamka la pili.

Hapo ndipo ninapoiona shida ya sifa tunazowapa marais wapya. Sehemu kubwa ni hongo iliyovishwa nguo ya hongera. Kampuni inayomtolea rais tangazo la ukurasa mzima haimpongezi, inalipia njia. Msanii anayetunga wimbo wa sifa kabla ya baraza la mawaziri kutajwa anaijua vizuri ratiba ya sherehe za taifa. Hata maskini, ambaye hana kitambaa cha kutoa, hutoa alichonacho, yaani kinywa chake, akitumaini kwamba mtu aliyesifiwa sana ataona aibu kumsahau.

Na hongo ina madhara kwa pande zote mbili. Anayelipa hudhani amemnunua anayelipwa. Historia ya Unyanyembe yenyewe inatupa ushahidi. Mtemi Fundikira alipofariki mwaka 1858, wafanyabiashara Waarabu wa Tabora walimsaidia Mnwa Sele kuupata utemi dhidi ya mshindani wake, Mkasiwa. Mtemi mpya alipoketi akatoza ushuru bidhaa zilizoingia nchini mwake, jambo ambalo mtawala yeyote wa njia ile angeliona la kawaida. Waliomsaidia wakaona wamesalitiwa. Walihesabu kwamba wao walikwisha kulipa siku ile walipomwunga mkono. Wakamfukuza, wakamweka Mkasiwa yule yule waliyemkataa mwanzo. Mnwa Sele akapigana nao porini kwa miaka, biashara ya njia nzima ikayumba, naye akauawa mwaka 1865. Sina haja ya kumtakasa mtemi huyo. Nasema tu kwamba damu ile ilianza kumwagika kwenye hesabu mbili za deni moja: mmoja aliona amepewa, wengine waliona wamekopesha.

Tanzania ya karne hii imeziona hesabu hizo pia. Mwaka 2005 Jakaya Kikwete alichaguliwa kwa zaidi ya asilimia 80 ya kura, na wakati huo yalisikika maneno kwamba yeye ni chaguo la Mungu. Mwaka 2010 kura zake zilishuka hadi takriban asilimia 63. Aliyeitwa chaguo la Mungu hakuwa amebadilika maumbile. Waliomkopesha sifa ndio waliokuja kudai.

Kisha ukaja mwaka 2015. John Magufuli aliapishwa tarehe 5 Novemba, kesho yake akatembea kwa miguu hadi Hazina, siku chache baadaye akafika Muhimbili bila taarifa, na kabla mwezi haujaisha akafuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba ili watu wafanye usafi. Afrika Mashariki nzima ikacheka kwa furaha. Katika mitandao watu waliulizana Magufuli angefanyaje, na kila mmoja akaonyesha picha ya namna alivyobana matumizi nyumbani kwake.

Atatokea msomaji aseme kwamba soga kama hizo hazimdhuru mtu, na kwamba watu waliochoka wana haki ya kufurahi. Nakubaliana naye, tena naongeza. Kicheko kile kilikuwa na busara kuliko kurasa zote za pongezi, kwa sababu ndani yake mlikuwa na kipimo. Mkenya aliyeuliza Magufuli angefanyaje alikuwa akimsema rais wake mwenyewe. Utani wa namna hiyo husifu kwa mkono mmoja na kudai kwa mkono wa pili, na kwa hiyo si hongo.

Lakini utani huishi pale tu mwenye kutaniwa anapokuwa hana uwezo wa kuuzima. Nchi ilikuwa imekwisha kutunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka huo huo wa 2015, na mwaka 2016 mahakama mjini Arusha ilimtia hatiani raia kwa kumtusi Rais katika Facebook. Machi 2017 msanii Ney wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo wake "Wapo", na Baraza la Sanaa la Taifa likaufungia. Mara Waziri wa Habari, Harrison Mwakyembe, akatangaza kwamba Rais ameupenda wimbo huo na ameagiza msanii aachiwe na wimbo upigwe. Wengi walishangilia. Mimi naona tungalipaswa kunyamaza kidogo na kufikiri. Wimbo uliofunguliwa kwa sababu mkubwa ameupenda unaweza kufungwa asubuhi atakayoamka hakupendi. Msanii alirudishiwa sauti yake kwa hisani, na hisani hudai shukrani, ilhali haki haidai. Hayo ndiyo madhara ya upande wa pili: mtawala aliyezoea kulipwa sifa hatimaye hudhani kinywa cha raia ni njia yake, naye ndiye afunguaye na afungaye.

Tukafika hatua ya mbele zaidi. Katika uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa, watu waliuawa katika machafuko, na matokeo yalipotangazwa Rais Samia Suluhu Hassan alipewa asilimia 97.66 ya kura. Pongezi rasmi zilitoka kama ilivyo ada. Sisi wa visiwani, ambao Rais huyu ni mwana wa Makunduchi yetu, tulikuwa na sababu ya kutaka kumpongeza mtu wa kwetu. Lakini hongera ni ushuhuda, na ushuhuda hauna thamani pale ambapo shahidi wa kinyume hawezi kusikika. Siku ambazo soga za raia zilikatwa kwa waya, hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika nchi inafurahi au inazika.

Washairi wana fungu lao katika kosa hili, na fungu lao katika dawa. Ushairi wa pwani ulizaliwa katika kujibizana. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijua kusifu na alijua kukejeli, wala hakuna aliyeona kwamba kazi moja inaifuta nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika siku za UKUTA na Mathias Mnyampala, tukaipokea ngonjera. Ilikuwa na faida yake: mwenye shaka alipewa zamu ya kusema. Ila aghalabu tulijua tangu ubeti wa kwanza kwamba mwenye shaka atashindwa na mwisho ataomba radhi. Siku hizi hata zamu ile ya kushindwa hatumpi.

Wapagazi wa njia ya Tabora walitutangulia kwa adabu iliyo bora. Burton, ambaye hakuwa mtu mpole, ameandika kwamba wapagazi wake waliimba wimbo wa kumsema kwa ubaya, tena yeye akisikia. Wimbo ule haukuuvunja msafara. Ulisaidia kuusukuma mbele. Na aliyetangulia mbele ya msafara na bendera aliitwa kirangozi, neno ambalo ni ndugu wa kiongozi wetu wa leo. Aghalabu alikuwa mpagazi mwenzao, aliyejua uzito wa mzigo. Walimfuata kwa nyimbo maadamu alijua njia. Mpagazi aliyeridhika aliimba, asiyeridhika naye aliimba, na aliyezidiwa alitua mzigo chini akakataa kuuinua hadi asikilizwe.

Basi rais mpya tumpe lililo lake. Kura zikihesabiwa kwa haki, tumpe hongera kwa kuchaguliwa, nayo iishie hapo. Kwa safari iliyo mbele yake tumpe dua, na njiani tumpe wimbo wenye sifa na wenye lawama, kila kimoja mahali pake. Hongera ya kazi tuiweke akiba hadi Kazeh. Msafara unaoondoka Bagamoyo asubuhi haujavuka hata mto Ruvu.