Bustani kwa Ajili ya Mnyama Mpendwa

Somo: 2 Samweli 12:1-6



Liko swali ambalo watoto wa mafundisho huuliza: Mbwa aliyelinda mbuzi zetu miaka mingi akifa, je, Mkristo aweza kumzika na kupanda bustani mahali pale? Wako wachekao, wakisema kwamba mzoga hutupwa porini, basi. Wako na waogopao, wakidhani ni njia ya kuirudia mizimu. Yatupasa kulijibu swali hili kwa Neno la Mungu, wala si kwa kicheko.

Nabii Nathani alipotumwa kwa mfalme Daudi, alimsimulia habari za maskini mwenye mwana-kondoo mmoja tu. Alimlea pamoja na watoto wake, akamgawia chakula chake, akamlaza kifuani, akampenda kama binti yake. Tajiri alipomnyang'anya na kumchinja, Daudi alighadhibika sana. Angalieni: nabii hakulidhihaki pendo la yule maskini, bali kwa habari ya pendo lile Mungu aliufungua moyo mgumu wa mfalme. Basi machozi ya mtoto kwa ajili ya mbwa wake si upumbavu.

Lakini pendo hilo lifanye kazi gani? Huko Meru, katika nchi ya Kenya, liko kaburi la simba jike aliyeitwa Elsa. George na Joy Adamson walimlea tangu mwaka 1956, mama yake alipouawa. Baadaye wakamfundisha kuishi porini, naye akafa mwaka 1961. Joy hakuishia kulia kaburini. Fedha nyingi alizopata kwa kitabu alichoandika juu ya Elsa zilitumiwa kuwalinda wanyama wengine walio hai. Hivyo huzuni ilizaa matunda.

Nasi wa Ngara na Biharamulo tunayo sababu yetu ya kupanda. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu zaidi ya 200,000 walivuka Rusumo wakikimbia mauaji ya Rwanda, na wengi wakapiga kambi Benaco. Walihitaji kuni za kupikia na miti ya kujengea, na vilima vingi vikabaki vitupu. Hatuwalaumu, maana walikuwa wakiokoa roho zao. Lakini kila apandaye mti hapa, hata kwa sababu ndogo, avisaidia vilima hivyo kuvaa tena majani.

Basi afanyaye bustani na ashike mambo matatu. Kwanza, shimo liwe la kina, mbali na kisima. Na ikiwa mbwa alikufa kwa kichaa, mtoto asimguse kamwe, bali aitwe bwana mifugo. Pili, pale pasijengwe kibanda, wala pasimwagwe pombe, wala aliyekufa asiombwe neno lo lote. Sala ni ya Mungu peke yake. Tatu, pandeni kitakachowafaa wengine, kama mparachichi au mti wa kivuli, na matunda ya kwanza mpelekeeni mjane aliye jirani. Maana kumlilia mbwa na kumpita jirani mwenye njaa ni huzuni isiyo kweli. Tena, yafaa nini kumpandia maua mbwa ambaye alipokuwa hai alifungwa pasipo maji?

Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza hata kabla dhambi haijaingia. Kazi hiyo ni njema tangu mwanzo. Naye Paulo awaambia Warumi, katika sura ya 8, ya kwamba viumbe vyote vyaugua pamoja nasi, vikingojea ukombozi. Zaidi ya hayo hatukufunuliwa habari za wanyama waliokufa. Tuwaache mikononi mwake Yeye asiyemsahau hata shomoro mmoja.

Enyi wainjilisti na walimu, mtoto ajapo kwenu akimlilia mnyama wake, msimfukuze. Mpeni jembe na mche, mwende naye mkapande pamoja.

Bwana awabariki. Amina.